Fahamu: Obama alivyoingia Seneti ya Illinois

Kabla ya kuwa rais wa Marekani, Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, akiwakilisha wilaya ya 13 ya Chicago. Alikipata kiti hicho mwaka 1996, karibu kwa ushindi wa mezani. Kila mgombea wa Democratic alitakiwa kuwasilisha saini halali 757 za wapiga kura ili aingie kwenye mchujo wa chama. Watu wa Obama wakazikagua za wapinzani moja baada ya nyingine: huyu hajajiandikisha, yule anaishi wilaya nyingine. Wapinzani wote wanne wakaenguliwa, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Sheria iliruhusu, ingawa haipendezi. Uchaguzi mkuu wa Novemba ukawa wa kukamilisha ratiba tu. Alichaguliwa tena 1998 na 2002. Katikati, mwaka 2000, alijaribu ubunge wa Washington na mbunge aliyekuwepo, Bobby Rush, akambwaga vibaya kwenye mchujo.