Video ya bamama wa Benin ilifika pale semina haikufika

Tuanze na kosa letu sisi maagronome. Msimu uliopita tulitoa mafunzo ya siku mbili juu ya kutunza mpunga baada ya mavuno, katika uwanda wa Ruzizi. Tuliomba kila koperative itume watu wawili. Karibu kila mahali walikuja prezida na sekretere. Walisikiliza vizuri, wakapokea feza ya usafiri, wakarudi. Tulipopita kule wiki sita baadaye, bamama walikuwa wangali wanaanika mpunga chini, kandokando ya barabara. Mmoja akatuuliza: "Mafunzo gani? Sisi hatukuambiwa kitu."

Ndiyo maana tunapenda kuwaeleza jambo lililofanyika Benin. Ni inchi ndogo ya Afrika ya Magharibi. Nord-Kivu na Sud-Kivu pamoja ni kubwa kuipita. Kule, bamama wa katikati ya inchi wanapika mpunga kwa mvuke mbele ya kuukoboa, ili punje zisivunjike ovyo ku mashini. Kituo cha Mpunga cha Afrika (AfricaRice), ambacho wakati ule kilikuwa na makao Cotonou, kilitengeneza video juu ya namna bora ya kazi ile. Wenye kuonekana wakifundisha ni bamama wenyewe, wakiwa kazini kwao: kuosha mpunga, kuuloweka, kuupika katika chombo chenye matundu kilicho juu ya maji ili mpunga usiguse maji, kisha kuuanika juu ya shitingi. Na kabla ya kuugeuza, wanavua viatu.

Je, video ilisaidia kuliko semina? Tangu Novemba 2007 mpaka Mei 2008, watafiti waliuliza wanawake 160 na vikundi 17. Video ilifikia wanawake 74 kwa mia. Semina za siku mbili zilifikia 27 kwa mia tu. Kati ya wale walioona video, zaidi ya 95 kwa mia walianika juu ya shitingi na kuvua viatu. Kwa wale waliopata semina bila kuona video, ilikuwa karibu nusu.

Watafiti walieleza sababu pia, na hapo tulijitambua: kwa semina, watu wanachaguliwa, perdiem inaleta mashindano, na wachache wanajifungia elimu. Video ikionyeshwa ku kiwanja cha kijiji, hakuna wa kuchaguliwa. Mama mwenye mtoto mgongoni anaona sawasawa na prezida.

Si lazima kungoja mradi mkubwa. Tangu 2012 shirika Access Agriculture linakusanya video za wakulima kwa wakulima katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa kati yao, na kuzichukua ni bure. Mtu mmoja wa koperative akienda mjini, anaweza kuzitia ndani ya kadi memori na kuzileta.

Mukitaka kutengeneza yenu kwa simu, fanyeni hivi:

- Kaeni kwanza na wale wenye kufanya kazi ile. Waulize nini kinawashinda.
- Ombeni ruhusa ya mwenye kupigwa picha. Akikataa, muache.
- Aongee lugha ya nyumbani, na aseme kwa nini anafanya vile, si namna tu.
- Isipite dakika 10. Video ndefu inamaliza batri na uvumilivu.
- Muonyeshe agronome mbele ya kuigawa, kwa sababu shauri baya nalo linatembea mbio ku simu.
- Muangalie pamoja, musimamishe katikati, muulizane.

Video haiondoi kazi ya kutembeleana. Ugonjwa wa majani ya muhogo, kwa mfano, unahitaji mtu afike shambani aguse. Lakini kwa kazi ya mikono, kama kuanika na kuchagua mbegu, mkulima anaamini zaidi mikono ya mkulima mwenzake.

Kwa hiyo msimu huu, mbele ya semina yoyote, tutapita na video ya mpunga jioni, pale kila mtu anaweza kufika. Tunaomba kila koperative ituambie kiwanja gani ni karibu na bamama wenye kuanika. Ofisi ya prezida tunaijua tayari.