Sifa na Dosari za Michezo ya Video: Chanzo cha Maoni ya Wachezaji

Mchezo wo wote wenye wapenzi wengi huzaa mjadala. Washabiki wa bao waketipo barazani hawatosheki kuwatazama wachezaji wawili. Hubishana kama aliyeshindwa ameponzwa na kosa lake au amezidiwa akili. Katika bao mjadala huo una msingi imara, kwa kuwa bao halina dadu, na kete zote ziko wazi mbele ya wote. Katika michezo ya video hali ni tofauti. Mambo mengi hutendeka ndani ya mashine, mahali ambapo jicho la mchezaji halifiki. Mchezaji huona matokeo tu, kisha husema: "Mchezo huu ni mtamu," au "Mashine hii inadanganya."

Je, maneno kama hayo yana thamani yo yote kwa mwanasayansi? Makala haya yanaeleza kwamba thamani hiyo ipo, lakini kwa sharti moja: oni la mchezaji lichukuliwe kuwa ni dalili, kama vile tabibu achukuavyo maelezo ya mgonjwa. Mgonjwa hakosei anaposema kwamba anaumwa. Anaweza kukosea anapotaja sababu ya maumivu. Mifano ifuatayo imechaguliwa kutoka katika michezo ya zamani, kwa sababu mashine zake zilikuwa sahili kiasi kwamba chanzo cha kila sifa na kila dosari kimekwisha kuchunguzwa na kujulikana.

Kuuliza na kujaribu

Mmoja wa watu wa kwanza kulichunguza suala hili kwa njia ya kisayansi alikuwa Bw. Thomas Malone, aliyetoa matokeo ya utafiti wake mwaka 1980 huko Marekani. Kwanza aliwauliza wanafunzi 65 wa shule ya msingi maoni yao juu ya michezo 25 ya kompyuta. Aligundua kwamba jambo lililohusiana zaidi na kupendwa kwa mchezo ni kuwapo kwa lengo lililo wazi.

Hata hivyo Bw. Malone hakuishia katika kuuliza. Mtu anaweza kuupenda mchezo bila ya kujua anapenda kitu gani ndani yake. Kwa hiyo alichukua mchezo mmoja, akautengenezea sura kadhaa zilizotofautiana katika jambo moja moja, kisha akalinganisha mvuto wa kila sura. Mchezo mmojawapo ulikuwa Breakout, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1976, ambamo mchezaji huupiga mpira ili kuvunja ukuta wa matofali. Alipoyaondoa matofali yanayovunjika, mvuto ulipungua mno. Mchezo mwingine, uitwao Darts, hufundisha sehemu za namba: maputo hutokea juu ya mstari wa namba, na mwanafunzi hukisia mahali putо lilipo, akipatia, mshale huruka na kulipasua. Wavulana waliipenda picha hiyo ya mshale na maputo, lakini wasichana hawakuelekea kuipenda. Sifa kwa kundi moja ilikuwa karibu na dosari kwa kundi jingine. Mwalimu atakayejumlisha maoni ya darasa zima na kutafuta wastani tu, hataiona tofauti kama hiyo.

Dosari iliyogeuka sifa

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa na Bw. Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55, katika safu 5 za wavamizi 11, husogea pamoja kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, huku wakishuka hatua kwa hatua. Mchezaji huwapiga risasi kutoka chini. Wachezaji waliusifu mchezo huu hasa kwa namna hofu inavyozidi: kadiri wavamizi wanavyopungua, ndivyo waliobaki wanavyokimbia.

Sifa hiyo haikupangwa tangu mwanzo. Ilitokana na udhaifu wa mashine. Kioo kilichorwa upya kiasi cha mara 60 kwa sekunde, na katika kila mchoro programu ilimsogeza mvamizi mmoja tu. Hesabu yake ni nyepesi. Wavamizi wakiwa 55, kikosi kizima huhitaji michoro 55 ili kupiga hatua moja, yaani sekunde 55/60, au karibu sekunde 0.92. Wakibaki 10, hatua moja huchukua 10/60, yaani moja ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, yeye husogea katika kila mchoro, na mkono wa mchezaji humfuata kwa shida.

Bw. Nishikado alipoiona hali hii aliiacha kama ilivyo, kwa kuwa iliufanya mchezo uwe mgumu zaidi kadiri mchezaji anavyokaribia ushindi. Hapa kuna funzo: jambo moja, yaani uchache wa nguvu za mashine, laweza kuitwa dosari na mhandisi na kuitwa sifa na mchezaji, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Vizuka vinne na hesabu iliyofurika

Mwaka 1980 kampuni ya Namco, pia ya Japani, ilitoa Pac-Man, kazi ya Bw. Toru Iwatani. Mchezaji huendesha duara la manjano lenye mdomo, likila vidoa katika vichochoro huku likifukuzwa na vizuka vinne. Wachezaji wengi walidai kwamba vizuka hivyo vina tabia mbalimbali, kana kwamba vina nafsi. Dai hili ni la kweli kwa kiasi kikubwa. Kizuka chekundu hulenga mahali mchezaji alipo. Cha waridi hulenga nafasi nne mbele yake, ili kumkata njia. Cha buluu hukadiria kwa kutumia mahali alipo mchezaji pamoja na mahali kilipo kile chekundu. Cha rangi ya chungwa humfukuza mchezaji akiwa mbali, lakini kikimkaribia chini ya nafasi nane hugeuka na kuelekea pembeni. Kanuni nne fupi zatosha kumpa mtazamaji picha ya tabia nne.

Kanuni hizo hizo ndizo zilizoleta lawama. Mashine ikipewa mwendo ule ule, hujibu vile vile. Hata zile nyakati ambapo vizuka huonekana vikikimbia ovyo, uovyo huo hutokana na hesabu inayoanza upya mahali pale pale. Hivyo wachezaji hodari walikariri njia nzima, wakazifuata bila ya kufikiri. Wengine waliona kuwa huko ni kuumaliza utamu wa mchezo. Wengine waliona kuwa kuigundua njia hiyo ndiko utamu wenyewe.

Dosari ya pili hutokea katika hatua ya 256, ambako nusu ya kulia ya kioo hujaa alama zisizo na maana na mchezo hauwezi kuendelea. Sababu yake ni ya kihisabati. Namba ya hatua huhifadhiwa katika baiti moja, yenye biti 8, ambayo huweza kushika namba kuanzia 0 hadi 255 tu. Kwa kuwa hesabu huanzia 0, hatua ya 256 huandikwa 255. Sehemu ya programu inayochora matunda chini ya kioo huongeza 1 juu ya namba hiyo. Lakini 256 haienei katika baiti, kwa hiyo jibu hurudi kuwa 0, kama vile saa ya ukutani irudivyo 1 baada ya 12. Kisha programu huchora tunda, hupunguza 1, na kuangalia kama imefika 0. Kwa kuwa ilianzia 0, kupunguza 1 huipeleka kwenye 255, na kazi huendelea mpaka michoro 256 itimie mahali pa michoro 7. Ziada yote humwagikia juu ya vichochoro.

Mashimo ya E.T.

Baadhi ya lawama hutokana na mchezo kuhamishiwa katika mashine isiyoumudu. Mwaka 1982 Pac-Man ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Atari 2600, iliyokuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu. Wanunuzi walilalamika kwamba vizuka vinapepesa kama taa mbovu. Walikuwa wameona sawasawa. Mashine hiyo haikuweza kuchora vizuka vyote kwa pamoja kwa urahisi, hivyo vilichorwa kwa zamu, kila kimoja mara moja katika michoro minne. Katika mashine ichorayo mara 60 kwa sekunde, kila kizuka kilionekana mara 15 tu.

Mwaka huo huo ulitoka mchezo wa E.T., uliotungwa na Bw. Howard Scott Warshaw katika muda wa kama majuma matano, ili uwahi soko la Krismasi. Lawama kubwa ya wachezaji ilikuwa kwamba mhusika huanguka mashimoni bila ya sababu. Sababu ilikuwapo. Mhusika alichorwa kama aonekanavyo kwa ubavuni, ilhali mashimo yalichorwa kama yaonekanavyo kutoka juu. Mashine ilihesabu kwamba ameanguka mara tu sehemu yo yote ya picha yake ilipogusa shimo, hata ikiwa ni kichwa, huku miguu yake ikiwa nchi kavu machoni pa mchezaji. Mashine ilifuata kanuni yake kikamilifu, ila kanuni haikulingana na kile ambacho jicho lilifundishwa na picha kutarajia. Nakala nyingi hazikununuliwa, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za Atari ilizikwa katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Jaa hilo lilifukuliwa mwaka 2014, na nakala za E.T. zikapatikana humo.

Je, Tetris hudanganya?

Lawama iliyo ngumu kupima kuliko zote ni ile ya upendeleo. Mchezo wa Tetris ulibuniwa mwaka 1984 na Bw. Alexey Pajitnov katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti, mjini Moscow. Vipande vya maumbo saba, kila kimoja chenye miraba minne, huanguka kimoja kimoja, na mchezaji huvipanga ili kujaza mistari. Kipande kirefu kilichonyooka ndicho chenye thamani kubwa, kwani chaweza kufuta mistari minne kwa mara moja. Na wachezaji, tangu siku za mwanzo, wamenung'unika kwamba mashine hukificha kipande hicho wakati kinapohitajiwa.

Tuseme mashine huchagua kipande kwa nasibu tupu, bila ya kukumbuka ilichotoa nyuma. Uwezekano wa kukikosa kipande kirefu mara moja ni 6/7. Uwezekano wa kukikosa mara 12 mfululizo ni 6/7 ikizidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani karibu 0.157, au mara moja katika kila mara sita hivi. Hata kukikosa mara 30 mfululizo kuna uwezekano wa karibu 0.01. Katika mchezo wa mamia ya vipande, ukame kama huo si ajabu. Nasibu ya kweli huwa na mafungu na mapengo. Akili ya binadamu, iliyozoea kutafuta nia nyuma ya kila tukio, huyaona mapengo hayo kuwa ni hila.

Mwaka 1997 Bi. Heidi Burgiel alithibitisha kwa hisabati kwamba vipande viwili vilivyopinda, kimoja kushoto na kingine kulia, vikija kwa kupokezana kwa muda mrefu wa kutosha, hakuna mchezaji awezaye kunusurika. Kwa nasibu tupu mfululizo wa namna hiyo lazima utokee siku moja, ingawa huenda ikawa baada ya muda mrefu sana.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 matoleo mengi ya Tetris yameacha nasibu tupu. Mashine hutia vipande vyote saba katika mfuko wa kubuni, hukivuta kimoja kimoja mpaka vimalizike, kisha huujaza mfuko upya. Kwa njia hii kati ya kipande kirefu na kirefu kingine haviwezi kupita vipande zaidi ya 12: sita vya mfuko mmoja, ikiwa kirefu kilitangulia, na sita vya mfuko ufuatao, ikiwa kirefu kitakuwa cha mwisho. Wachezaji wengi huuona mtindo huu kuwa wa haki zaidi. Ajabu ni kwamba umekuwa wa haki machoni pao kwa kuwa nasibu yake imepunguzwa.

Jaribio la darasani

Jambo hili laweza kujaribiwa bila ya kompyuta. Mwalimu aandae karatasi saba zenye namba 1 hadi 7, na mfuko mmoja. Kundi la kwanza livute karatasi moja, liandike namba, na kuirudisha kabla ya kuvuta tena, mpaka litimize mara 70. Kundi la pili livute bila ya kurudisha mpaka mfuko uwe mtupu, kisha liurudie, nalo litimize mara 70. Katika orodha ya pili namba 7 itatokea mara 10 kamili. Katika ya kwanza hutarajiwa mara 10 kwa wastani, lakini yaweza kuwa 6 au 14. Orodha hizo zibandikwe ukutani bila ya majina, na wanafunzi wa darasa jingine waulizwe ni ipi iliyotokana na nasibu tupu, na ni ipi "iliyochezewa". Majibu yao yahesabiwe, kisha urefu wa pengo kubwa la namba 7 katika kila orodha ulinganishwe.

Baada ya hapo wanafunzi waandike lawama au sifa wanayoijua ya mchezo wo wote, na mbele yake mambo mawili: chanzo wanachokidhani, na jaribio ambalo lingeonyesha kwamba dhana yao si sahihi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu, wala mwalimu asikubali iachwe wazi. Mwanafunzi aliyezoea kuijaza katika jambo dogo kama mchezo ataweza kuiuliza pia mbele ya mashine zinazopanga mambo mazito zaidi, ambazo nazo hufuata kanuni zisizoonekana machoni pa wale wanaohukumiwa nazo.