Ule ukingo mweusi kwenye picha iliyokatwa unatoka wapi?

Umeshaona picha ya bidhaa mtandaoni, tuseme embe, iliyoondolewa mandhari ya nyuma ili ikae juu ya rangi yoyote. Ukiisogelea, pembezoni kuna mstari mwembamba wa giza, kana kwamba embe limezungushiwa kalamu. Mstari huo haukuwepo wakati picha inapigwa. Umeletwa na hesabu.

Pikseli ya kawaida ina namba tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa New York Institute of Technology, waliongeza ya nne, alfa. Yenyewe haisemi rangi, inasema pikseli inafunika kiasi gani kilicho chini yake: 0 haifuniki kitu, 255 inafunika chote (kwenye hesabu tunaiita 1). Itoe alfa peke yake na unapata picha ya kijivu. Hiyo ndiyo barakoa.

Kuunganisha ni rahisi: zidisha rangi ya juu kwa alfa, zidisha ya chini kwa kiasi kilichobaki, jumlisha.

Sasa, JPEG haihifadhi alfa. PNG inahifadhi, lakini foto ikiwa PNG huwa nzito sana, na anayeumia ni msomaji wa bando dogo. Ndiyo maana kuna ujanja wa kutuma foto kama JPEG, barakoa kama PNG ndogo, halafu kivinjari kiziunganishe. Kwenye kanvasi unachora embe, unaweka globalCompositeOperation iwe "destination-in", kisha unachora barakoa. Embe litabaki pale tu barakoa ilipo.

Hapa wengi hukwama. "destination-in" husoma alfa ya barakoa, haijali weusi na weupe wake. Ukiipa picha nyeusi na nyeupe isiyo na alfa, hakuna kinachokatwa, utakaa unashangaa tu. Kwenye CSS unaweza kuandika mask-mode: luminance na mwangaza utasomwa kama alfa. Kwenye kanvasi itabidi uchukue pikseli kwa getImageData na unakili mwangaza kwenye ile namba ya nne.

Haya, turudi kwenye ukingo. Mara nyingi aliyeandaa JPEG amepaka nyeusi nje ya embe, maana "si haitaonekana?" Kisha picha inapunguzwa ukubwa, na kupunguza ni kutafuta wastani wa pikseli jirani. Chukua embe lenye 255, 150, 0 pembeni ya nyeusi 0, 0, 0. Wastani ni takriban 128, 75, 0, yaani kahawia. Barakoa nayo inatoa alfa 0.5. Juu ya ukurasa mweupe unapata kama 191, 165, 128, rangi ya tope, wakati ulitakiwa kupata 255, 203, 128. Weusi umehesabiwa mara mbili: kwenye wastani, tena kwenye alfa.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walipendekeza rangi zihifadhiwe zikiwa tayari zimezidishwa kwa alfa. Pikseli isiyoonekana inakuwa sifuri tupu, haina rangi ya siri ya kumchafua jirani, na wastani unatoka sawa.

Kwa hiyo unganisha embe na barakoa kwanza, zikiwa na ukubwa wake kamili, ndipo upunguze. Na usipake nyeusi nje, tandaza rangi ya embe lenyewe ivuke mpaka kidogo. Hilo la pili usiliruke hata kama umefanya la kwanza: JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kipande kimoja rangi za pande mbili za mpaka huvujiana kabla kivinjari chako hakijagusa chochote.