Ubao wa Mawimbi kwa Mtu wa Njoro

Likizo ya Agosti huangukia wakati mzuri ajabu kwa mkazi wa Njoro anayetamani kujifunza kuteleza juu ya mawimbi. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ngano ingali kijani na asubuhi ni ya sweta. Kule Malindi upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, na ghuba ina mawimbi kuliko miezi mingi ya mwaka. Kijana wa Chuo Kikuu cha Egerton anayepanga safari hiyo hufungua simu, akatazama video za mabingwa, na jicho lake likatua kwenye ubao mfupi, mwembamba, wenye ncha kali. Anautaka huo huo.

Namsihi auache. Ubao wa namna hiyo ndio tuliouona kwenye runinga mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika ufuo wa Tsurigasaki nchini Japani mwaka 2021, kisha Teahupo'o, Tahiti, mwaka 2024. Una urefu wa futi sita hivi, na umechongwa kwa ajili ya mwanamichezo aliyekulia majini na kwa wimbi zito linalomsukuma lenyewe. Malindi hakuna wimbi la Teahupo'o.

Mkulima wa Njoro hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Hanunui mbegu ya ngano kwa kuwa ilistawi kwa mtu mwingine. Huuliza kwanza mwinuko wa shamba lake, mvua yake, na kama mbegu hiyo inastahimili ugonjwa wa kutu ya shina. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hapa hapa Njoro wanaijua kazi hiyo vizuri, hasa tangu aina ya kutu iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ubao nao huchaguliwa kwa kuanza na shamba lake, yaani bahari utakayoingia, kisha mwili wako, kisha ujuzi wako. Rangi na jina la mtengenezaji ni mambo ya mwisho kabisa.

Basi tuitazame bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na ufuo. Wimbi kutoka bahari kuu huvunjikia hapo, na maji yanayofika mchangani huwa yametulia, jambo linalompendeza mwogeleaji na kumnyima mteleza mawimbi kazi. Ghuba ya Malindi ni tofauti. Mto Sabaki humwaga baharini tope jingi karibu na mji, na matumbawe hayasitawi kwenye maji yenye tope, kwa hiyo mawimbi hupata njia ya kufika ufuoni. Tope hilo linatoka bara. Sabaki ndio mwisho wa mto Athi, unaokusanya maji yake kuanzia upande wa Nairobi na miteremko ya Aberdare. Udongo uliohama mashambani huko ndio unaochangia kumpa kijana wa Malindi wimbi lake. Wetu wa Njoro haufiki. Mto Njoro huishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina njia ya kutokea.

Wimbi la Malindi, kwa sehemu kubwa, huzaliwa na upepo wa karibu. Huja kwa haraka haraka, halijapangika vizuri, na nguvu yake ni ya wastani. Wimbi la aina hiyo haliwezi kumbeba mtu aliye juu ya ubao mwembamba. Utapiga makasia kwa mikono mpaka mabega yachoke, na wimbi litakupita chini ya tumbo bila kukuchukua. Ndiyo maana nasema: chukua ubao mrefu, mpana na mnene, hata kama umbo lake halikuvutii.

Kipimo cha maana zaidi ni ujazo, unaohesabiwa kwa lita. Kila lita moja ya ubao inaweza kuinua takriban kilo moja ya uzito. Mtu anayeanza anahitaji ubao wenye lita zisizopungua kilo zake, na zikizidi ni bora. Mwenye kilo 70 asiguse ubao wa chini ya lita 70. Mtu huyo huyo, akiwa amebobea miaka mingi baadaye, anaweza kutumia wa lita chini ya 30, na hapo ndipo utaona jinsi ubao wa bingwa ulivyo mbali na mahitaji ya mwanafunzi. Kwa vipimo vya fundi, mtu mzima wa kimo cha kawaida atafute urefu wa futi nane hadi tisa, upana wa inchi 22 au zaidi, na unene wa inchi tatu hivi. Muuzaji akikwambia kwamba futi sita zinatosha kwa kuwa wewe ni mwepesi, mwulize lita. Akishindwa kujibu, nenda kwingine.

Umbo nalo lina kazi yake. Utazame ubao kwa upande: ukiwa umepinda sana kama ndizi, umetengenezwa kwa wimbi la wima, na kwenye wimbi letu la kulala utakwama. Tafuta ulionyooka. Pua iwe ya mviringo na pana, kingo ziwe nene. Chini ya mkia, mapezi matatu yanatosha kabisa. Mpangilio huo ulipata umaarufu Simon Anderson wa Australia alipouletea ushindi mwaka 1981, na hadi leo ndio unaotumiwa na wengi. Kwa anayeanza, mapezi ya plastiki laini ni salama kuliko magumu, kwa sababu mara nyingi ubao utakurudia.

Hilo linatuleta kwenye malighafi. Wahawaii wa kale walichonga mbao zao kwa miti: alaia nyembamba kwa watu wengi, na olo ndefu nzito kwa machifu. Mbao za leo ni povu gumu lililofunikwa kwa faibaglasi na rezini. Hobie Alter na Gordon Clark waliueneza utengenezaji huo huko California kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni nyepesi na zina kasi, lakini ukigongwa nazo kichwani utaumia, na zikigonga jiwe hupasuka. Anayeanza achague ubao uliofunikwa kwa sponji laini juu. Hauna fahari mbele ya wajuzi, lakini humpa mwanafunzi ujasiri wa kuanguka na kuinuka tena, na kujifunza kwenyewe ni kuanguka.

Asiyejua kuogelea asinunue ubao wowote. Atafute kwanza bwawa na mwalimu mjini Nakuru, maana kamba ya mguuni inayokuunganisha na ubao inaweza kukatika. Anayeogelea kiasi tu, pamoja na watoto, wana njia nyingine nzuri: kibao kifupi cha kulalia kifudifudi, cha sponji, kinachofika usawa wa kitovu ukikisimamisha. Tom Morey alikibuni mwaka 1971. Hukaa kwenye povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, pale unapoweza kusimama, na furaha yake ni kamili. Pia usichanganye mbao hizi za mawimbi na vibao vifupi vya wanaovutwa na tiara kubwa ufuoni Diani na Watamu. Huo ni mchezo wa upepo, una mafunzo yake, na kibao chake hakiwezi kukubeba majini bila tiara.

Je, ununue? Mara ya kwanza, hapana. Ubao wa futi nane ni karibu mita mbili na nusu. Hauingii kwenye matatu ya Njoro kwenda Nakuru, na hata ukiufikisha Mombasa kwa basi utakuwa umegongwagongwa njiani. Kodi kule kule, ujaribu mbili au tatu za ukubwa tofauti kabla ya kutoa pesa zako. Ukiamua kununua uliotumika, ubonyeze juu kwa vidole: penye kulegea, ngozi imeachana na povu. Chunguza madoa ya njano na nyufa, kisha uubebe. Ukiwa mzito kuliko mwenzake wa kipimo hicho hicho, umeingia maji. Nyufa ndogo za faibaglasi zinaweza kuzibwa na fundi anayejua kutengeneza boti za aina hiyo, lakini povu lililolowa ni hasara. Nta ya kushikilia miguu iwe ya bahari ya joto, kwa kuwa maji yetu hayashuki sana chini ya nyuzi 24, na nta ya nchi za baridi huyeyuka. Kamba ya mguuni iwe na urefu sawa na wa ubao.

Baki na ubao huo mkubwa hadi uweze kusimama karibu kila unapojaribu, ukamate wimbi kabla halijavunjika, na uugeuze kulia na kushoto kwa hiari yako. Ukifika hapo, shuka futi moja tu na lita kumi hivi, halafu urudi majini wakati wa maji kujaa, ufuo wa mchanga ukiwa chini yako.