Kufundisha Habari za Fuwele: Kutoka Sahani ya Chumvi Hadi Sumaku ya Wanasayansi

Mwalimu afundishapo habari za chumvi, mara nyingi humimina maji ya chumvi katika sahani, akaiweka juani, na siku ya pili akawaonyesha wanafunzi chembe nyeupe zilizobaki. Somo huishia hapo. Lakini tukichunguza tutaona kwamba wanafunzi wameonyeshwa mwanzo na mwisho tu. Yaliyotokea katikati hawakuyaona. Wanasayansi nao walikuwa na shida hiyo hiyo, na inafaa mwalimu ajue walivyoikabili.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Maji ya kawaida hayawezi kumumunyisha chumvi zaidi ya gramu 36 hivi katika kila gramu 100 za maji. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi iliyozidi hukosa nafasi, chembe zake hukusanyika, na fuwele ndogo huanza kukua.

Jambo la kushangaza ni kwamba molekuli za aina moja zaweza kujipanga kwa namna mbalimbali, kama wanafunzi wale wale wawezavyo kusimama mistari miwili au mitatu. Hili si jambo dogo. Mwaka 1998, kapsuli za ritonavir, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI, zilionekana kuwa na fuwele za mpangilio mpya usiomumunyika vizuri. Ikabidi kapsuli hizo ziondolewe, na dawa itengenezwe kwa namna nyingine. Molekuli ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni mpangilio wake.

Je, mpangilio huo huchunguzwaje wakati fuwele zinazaliwa? Njia mojawapo ni resonansi ya sumaku ya viini, iliyogunduliwa mwaka 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell huko Marekani, kila mmoja na wenzake. Viini vya baadhi ya atomu ni kama sumaku ndogo sana. Vikiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, huitikia mawimbi ya redio ya frikwensi maalumu tu. Mfano wake ni bembea: ukiisukuma kwa wakati wake hupanda juu, ukiisukuma ovyo haiendi. Frikwensi hiyo hubadilika kidogo kufuatana na majirani wa kiini, kwa hiyo kila mpangilio hujitambulisha kwa alama yake.

Katika Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, watafiti waliweka mmumunyo wa glisini ndani ya sumaku, wakapima tena na tena fuwele zilipokuwa zikitokea. Walitumia namna ya upimaji inayopokea alama za kitu kigumu na kuacha zile za kilichomumunyika. Taarifa yao ya mwaka 2010 ilieleza kwamba, katika mchanganyiko wa maji na methanoli, mpangilio uitwao beta ulitangulia, kisha ukageuka kuwa alfa. Aliyetazama mwisho tu angeona alfa, asijue kwamba beta ilipita.

Darasani hatuna sumaku hiyo, lakini tunaweza kuiga utaratibu wake:

1. Tayarisha maji yaliyokwisha kushiba chumvi, uyagawe katika sahani mbili.
2. Weka moja juani na nyingine kivulini.
3. Wanafunzi watazame kila baada ya saa moja kwa lenzi, wachore wanachoona, na waandike saa.
4. Walinganishe michoro: fuwele zilitokea wapi kwanza? Sahani ipi ina fuwele kubwa zaidi?

Mwalimu asitoe jibu mapema. Kwa kawaida maji yanayokauka polepole huacha fuwele chache na kubwa, lakini wanafunzi na wagundue wenyewe. Wakitofautiana, warudie jaribio.

Tukifundisha hivyo, mtoto hatajifunza habari za chumvi peke yake. Atajifunza kuuliza ni nini kilichotokea katikati, nalo ndilo swali lililowapeleka watafiti kwenye sumaku yao.