Kupima Afya ya Seva: Misingi ya Ukusanyaji wa Vipimo vya Huduma za Kompyuta

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika ulimwengu wa kompyuta mawingu hayo huwapo, ila hayaonekani kwa macho. Seva inayoendesha usajili wa kozi chuoni hufanya kazi katika chumba kilichofungwa, pengine katika nchi ya mbali, na aghalabu habari za kudhoofika kwake humfikia msimamizi kupitia malalamiko ya wanafunzi. Wakati huo mvua imekwisha kunyesha. Makala haya yanafafanua jinsi vipimo vya utendaji wa seva na huduma zake vinavyokusanywa. Aidha, yanajenga hoja kwamba kazi hiyo huanza kwa swali kuhusu mtumiaji, wala si kwa kuchagua programu ya kupimia.

Dhana ya kipimo

Kipimo, kwa maana inayotumika hapa, ni namba yenye jina, iliyosomwa kwa wakati maalumu. Hakina budi kutofautishwa na daftari la matukio ambalo seva huandika. Daftari husimulia tukio moja moja: ombi fulani lilishindwa, saa fulani, kwa sababu fulani. Kipimo hakisimulii, hueleza tu ni maombi mangapi yameshindwa kufikia saa hiyo. Kwa sababu ya ufupi wake, kipimo huhifadhiwa kwa gharama ndogo na hulinganishwa kwa wepesi, leo na jana, wiki hii na iliyopita.

Aina tatu za vipimo ndizo hutumiwa zaidi, na mbili kati yake zinajulikana na kila abiria aliyewahi kuketi karibu na dereva wa matatu. Namba za kilomita zilizo mbele ya dereva huongezeka tu, hazirudi nyuma. Hicho ni kihesabu. Mshale wa mafuta hupanda na kushuka. Hiyo ni geji. Jumla ya maombi yaliyopokelewa na seva ni kihesabu, ilhali kumbukumbu inayotumika kwa sasa ni geji. Aina ya tatu ni histogramu, ambayo huyagawa majibu katika makundi kulingana na muda yaliochukua: yaliyokamilika kabla ya nusu sekunde, kabla ya sekunde moja, na kuendelea.

Jinsi vipimo vinavyokusanywa

Zipo njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, kila programu husukuma namba zake hadi kwenye kituo cha kukusanyia. Katika njia ya pili, kituo chenyewe huzunguka kikizichota. Njia hii ya pili ndiyo msingi wa Prometheus, mfumo ulioanzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud mjini Berlin, Ujerumani. Waanzilishi wake, Matt T. Proud na Julius Volz, walikuwa wamefanya kazi Google, ambako mfumo wa ndani ulioitwa Borgmon ulitumia mtindo huo. SoundCloud ilikuwa imeigawa programu yake kubwa katika huduma ndogondogo nyingi, na vifaa vya kupimia vilivyokuwapo havikumudu wingi huo. Prometheus hutolewa bila malipo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Utaratibu wake una hatua nne. Kwanza, mtunzi wa programu huongeza vipimo katika msimbo, mahali ambapo ombi hupokelewa na mahali ambapo jibu hutolewa. Pili, programu hufungua ukurasa wa matini ya kawaida wenye orodha ya vipimo hivyo na thamani zake za wakati huo. Pale ambapo msimbo hauwezi kuguswa, kama vile katika mfumo endeshi au hifadhidata, huwekwa programu ndogo iliyo kama mkalimani: husoma hali ya mtambo na kuieleza kwa lugha ambayo mkusanyaji anaielewa. Tatu, mkusanyaji huutembelea ukurasa huo kwa vipindi maalumu. Akiutembelea kila baada ya sekunde 15, kila kipimo husomwa mara 5,760 kwa siku. Nne, masomo hayo hutunzwa katika hifadhidata iliyopangwa kwa mfuatano wa wakati, na huchorwa kwenye dashibodi kwa programu kama vile Grafana, iliyotolewa mwaka 2014.

Kuchota kuna faida moja ambayo ni rahisi kupuuzwa. Mkusanyaji asipojibiwa, huandika sifuri katika kipimo maalumu cha uhai wa seva. Akijibiwa, huandika moja. Hivyo kimya chenyewe huwa habari. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Majina na lebo

Mwanaisimu hatakosa kuona kwamba jina la kipimo huundwa kwa mpangilio unaokaribiana na ule wa mofimu. Chukua jina usajili_muda_wa_jibu_sekunde. Sehemu ya mwanzo hutaja mfumo unaohusika, sehemu ya kati kitu kinachopimwa, na sehemu ya mwisho kizio. Mpangilio huu ukivunjwa, msomaji wa dashibodi hawezi kujua kama 250 ni sekunde au milisekunde, na uamuzi atakaoufanya usiku wa manane utakuwa wa kubahatisha.

Jina hufuatwa na lebo zinazolipambanua: ukurasa ulioombwa, aina ya ombi, matokeo yake. Hapa pana mtego. Kurasa 20, aina 4 za maombi na matokeo 5 huzaa mifuatano 400 ya namba. Lakini msimamizi akiongeza lebo ya namba ya usajili katika chuo chenye wanafunzi 30,000, mifuatano inaweza kufikia 12,000,000, na mkusanyaji ataelemewa kabla ya seva anayoichunguza. Isitoshe, atakuwa ameanza kufuatilia nyendo za watu badala ya afya ya huduma.

Wastani na mtu aliyefichwa

Swali la nini kipimwe ndilo kiini cha mada hii. Wahandisi wa Google, katika kitabu walichokichapisha mwaka 2016, walipendekeza mambo manne: muda wa kujibu, wingi wa maombi, kiwango cha makosa, na kadiri ambavyo rasilimali za mtambo zimejaa. Ni jambo la mwisho tu linalohusu hali ya ndani ya mtambo. Matatu ya kwanza yanahusu kazi ambayo watumiaji wanafanyiwa.

Hata hivyo, kupima muda wa kujibu hakutoshi iwapo namba inayosomwa ni wastani. Mathalani, maombi 100 yanapowasilishwa, 95 yanajibiwa kwa sekunde 0.1 na 5 kwa sekunde 10. Wastani wake ni chini ya sekunde 0.6, na msimamizi anaweza kwenda zake akiwa ameridhika. Ilhali wanafunzi watano wamekaa sekunde 10 wakitazama ukurasa mtupu, pengine siku ya mwisho ya usajili. Majibu hayo yakipangwa kuanzia la haraka hadi la polepole, la 99 huonyesha sekunde 10, na ukweli hujitokeza. Hii ndiyo sababu ya kutumia histogramu: huhifadhi umbo la mgawanyiko ambao wastani huufuta.

Tahadhari

Vipimo visivyosomwa ni mzigo tu. Kwa hivyo mfumo huwekewa kanuni za kumwamsha msimamizi. Kanuni nzuri hulenga madhara kwa mtumiaji, kwa mfano maombi zaidi ya 2 kati ya 100 yakishindwa kwa dakika 10 mfululizo. Kanuni inayopiga kengele kila prosesa inapofanya kazi kwa bidii humzoeza msimamizi kuipuuza kengele, na siku ya janga halisi hataamka.

Hitimisho

Imebainika kwamba mkusanyaji huzisoma kwa uaminifu namba alizoelekezwa kuzisoma, na hawezi kulijibu swali ambalo hakuulizwa. Anayeuliza iwapo mtambo unafanya kazi atajibiwa kuwa unafanya kazi. Anayeuliza iwapo kila mwanafunzi amehudumiwa atawaona hata wale watano. Tofauti baina ya maswali hayo mawili huamuliwa mapema, pale kipimo kinapopewa jina, lebo na kizio chake; na hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya lugha.