Je, Wajua? Pedali Inayokata Vilele vya Sauti

Ukisimama Kingolwira, Morogoro, ukaitazama Milima ya Uluguru, unaona vilele. Lakini kusini mwa safu hiyohiyo, juu kabisa, uko uwanda wa Lukwangule, tambarare. Kilele na uwanda: hiyo ndiyo tofauti kati ya gitaa safi na gitaa la roki ya zamani.

Uzi wa gitaa ukitikisika, pikapu, sumaku iliyo chini ya nyuzi, hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa mawimbi. Pedali ya distoshani, kifaa cha kukanyaga kwa mguu, huyakuza mawimbi hayo mpaka yagonge diodi mbili zilizogeuziana, nazo huvikata vilele. Diodi ya silikoni hukata karibu na volti 0.6, ya germaniamu karibu na 0.3. Wimbi lililokatwa hupata kona, na kona huzaa sauti za juu ambazo uzi haukuzitoa. Ndio mkwaruzo wenyewe. Tena noti hukawia kufa, maana mawimbi makubwa na madogo yamekatwa usawa mmoja.

Chanzo chake ni ubovu. Mwaka 1961 ulitoka wimbo Don't Worry wa Marty Robbins, ukiwa na solo ya Grady Martin iliyokwaruza kwa sababu mtambo wa studio huko Nashville ulikuwa na hitilafu. Fundi Glenn Snoddy akaunda kifaa cha kuiga hitilafu hiyo, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mpiga gitaa Keith Richards akakipigia wimbo Satisfaction mwaka 1965.

Morogoro tulilelewa na gitaa lisilo na mkwaruzo, la Mbaraka Mwinshehe, kuanzia Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973. Walioupenda mkwaruzo ni jirani zetu wa Zambia, bendi kama WITCH na Amanaz. Dar es Salaam nako Sunburst walipiga roki, wakatoa albamu Ave Africa mwaka 1976.

Sasa, ununue ipi? Usiogope ya bei ndogo. Ndani mna vipande vichache ambavyo fundi redio anavijua vyote. Boss DS-1, iliyotoka mwaka 1978, hupatikana hata iliyotumika. Behringer wana za plastiki, nyepesi kwa mfuko. Zenye transista za germaniamu, kama Fuzz Face za kwanza za mwaka 1966, zinasifiwa sana, ila transista hizo hubadilika tabia joto likipanda. Kwa jua la bondeni hapa, chukua silikoni.

Linalosahaulika ni spika. Spika ya gitaa haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwa hiyo humeza ukali wote wa juu. Kanisani na kumbini kwetu gitaa mara nyingi huchomekwa moja kwa moja kwenye mixa, na twita hutoa kila kona ya wimbi lile. Hapo hata pedali nzuri inalia kama nyuki. Punguza kitufe cha toni chini ya nusu, punguza na trebo kwenye mixa, na kitufe cha distoshani kiache chini. Roki ya zamani haikukwaruza sana kama tunavyodhani.

Adapta iwe ya volti 9 yenye hasi katikati. Ikiwa kinyume, pedali inaweza kuungua. Ukitumia betri, chomoa waya wa gitaa ukimaliza, maana tundu unamochomekwa ndilo swichi: waya ukilala humo usiku kucha, betri inaendelea kuliwa.